Taka za kiwanda kimoja, malighafi ya kingine: Kalundborg na somo lake kwa Afrika Mashariki

Kwa zaidi ya miaka 60, viwanda vya mji mdogo wa Kalundborg nchini Denmark vimekuwa vikipokezana maji, mvuke, gesi na mabaki ya uzalishaji ambayo kwingineko huishia baharini, angani au jalalani. Hapakuwa na serikali iliyoamuru hivyo, wala hapakuwa na mtaalamu aliyechora ramani yake mapema. Ulianza kwa mkataba mmoja wa maji, ukafuatiwa na mwingine wa gesi, kisha mwingine, hadi mji huo ukawa mfano unaotajwa kila mara panapozungumzwa habari za uchumi wa mzunguko.

Uchumi wa mzunguko ni ule ambao kitu kikishatumika hakihesabiwi kuwa kimefika mwisho wake, bali hurejeshwa katika matumizi mengine. Kinyume chake ni utaratibu uliozoeleka tangu mapinduzi ya viwanda: kuchimba, kutengeneza, kutumia na kutupa.

Serikali za Afrika Mashariki zinaendelea kutenga maeneo ya viwanda na kutafuta wawekezaji. Swali linalostahili kuulizwa mapema ni kama viwanda hivyo vitajengwa kila kimoja na bomba lake la kumwaga uchafu mtoni, au kama vitapangwa ili vifaane. Kwa sababu hiyo inafaa kuutazama mfano wa Kalundborg kwa undani: nini kilifanyika, kwa nini kilifanikiwa, na wapi wengine walioiga walikwama.

Yote yalianza na maji

Kalundborg uko katika pwani ya magharibi ya kisiwa cha Zealand, kiasi cha kilomita 100 kutoka mji mkuu, Copenhagen. Wakazi wake ni wachache, takriban 16,000, lakini bandari yake ina kina kirefu na meli kubwa hutia nanga bila shida. Bandari hiyo ndiyo iliyovuta viwanda. Kituo cha kuzalisha umeme cha Asnæs, kilichotumia makaa ya mawe kwa muda mrefu, kilianza kazi mwaka 1959. Muda mfupi baadaye kikaja kiwanda cha kusafisha mafuta.

Kusafisha mafuta kunahitaji maji mengi, na maji ya ardhini katika eneo hilo hayakuwa ya kutosha kwa viwanda na wananchi kwa pamoja. Mwaka 1961 ukapatikana ufumbuzi: maji yavutwe kwa bomba kutoka ziwa Tissø, ili visima viachiwe wakazi. Manispaa ilichukua jukumu la kulaza bomba na kiwanda kikagharimia ujenzi. Makubaliano hayo hayakuhusu taka, lakini yaliweka msingi wa yote yaliyofuata. Viongozi wa mji na wakuu wa viwanda walikuwa wamekaa meza moja, wakagawana gharama ya jambo moja, na kila upande ukaona kwamba mwenzake anatimiza ahadi.

Mnyororo unavyofanya kazi

Mwaka 1972 kampuni ya Gyproc ilijenga kiwanda cha bodi za jasi, zile ambazo mafundi wa Dar es Salaam na Nairobi huziita jipsam na kuzitumia kwa dari na kuta za ndani. Bodi hizo zinapotoka kwenye mashine huwa zimelowa na hukaushwa kwa moto. Kiwanda cha mafuta kilikuwa na gesi ya ziada ambayo kilikuwa kikiiteketeza hewani juu ya mnara, kama inavyoonekana hadi leo katika visima na viwanda vingi vya mafuta duniani. Bomba likalazwa, na gesi iliyokuwa ikiungua bure ikawa nishati ya kukaushia bodi.

Mwaka 1976 zamu ikawa ya kampuni ya dawa ya Novo, ambayo baadaye ilijulikana kama Novo Nordisk. Kampuni hiyo hutengeneza insulini kwa ajili ya wagonjwa wa kisukari, na wakati huo ilitengeneza pia vimeng'enya vinavyotumika katika sabuni, vyakula na nguo. Vyote hivyo huzalishwa kwa kuchachusha, yaani kwa kuvilisha vijidudu kama hamira katika matangi makubwa. Uchachushaji unapokwisha hubaki tope zito lenye naitrojeni na fosforasi. Tope hilo lilitiwa chokaa na kupashwa moto ili kuua vijidudu vilivyosalia, kisha wakulima wa jirani wakapewa bure kama mbolea.

Neno "bure" linahitaji kufafanuliwa, kwa kuwa ndilo linalobeba hesabu ya jambo lote. Kampuni haikuwa ikitoa sadaka. Kulisafisha au kulitupa tope hilo kwa njia inayokubalika kisheria kungeigharimu zaidi kuliko kulisafirisha hadi shambani. Mkulima naye alipunguza matumizi ya mbolea ya kununua. Kila mmoja alibaki na fedha mfukoni, na bahari ikaepushwa na mzigo.

Mwaka 1979 kituo cha Asnæs kilianza kuuza majivu yake laini kwa watengenezaji wa saruji. Majivu ya makaa ya mawe, yakichanganywa katika saruji kwa kipimo kinachofaa, huchukua nafasi ya sehemu ya klinka, ambayo kuitengeneza hutumia moto mkali na kutoa hewa ukaa nyingi.

Baada ya hapo ikaja faida kubwa zaidi, nayo ni joto. Kituo cha umeme cha kawaida kinachochoma makaa ya mawe hugeuza chini ya nusu ya nishati ya makaa hayo kuwa umeme. Inayobaki hupotea kama joto, ambalo mara nyingi humwagwa baharini pamoja na maji ya kupozea mitambo. Kuanzia mwaka 1981 joto la Asnæs likasambazwa kwa mabomba ya maji moto hadi majumbani, na maelfu ya majiko ya mafuta yaliyokuwa yakipasha nyumba joto yakazimwa. Mwaka 1982 mabomba ya mvuke yalifika katika kiwanda cha mafuta na kwa Novo, vikaweza kupunguza uzalishaji wa mvuke katika matanuri yao wenyewe.

Maji nayo yalizungushwa. Kuanzia mwaka 1987 maji yaliyokwisha kupoza mitambo ya kiwanda cha mafuta, yakiwa safi na vuguvugu, yalipelekwa Asnæs kutumika katika matanuri ya mvuke.

Kiungo kinachotajwa sana ni cha mwaka 1993. Sheria za mazingira zilivitaka vituo vya umeme viondoe dioksidi ya salfa katika moshi, kwani gesi hiyo husababisha mvua yenye asidi inayoharibu misitu na maziwa. Asnæs kikafunga mtambo unaoosha moshi kwa uji wa mawe ya chokaa. Salfa ikikutana na kalisi iliyomo katika uji huo hutokea jasi, ile ile inayochimbwa ardhini. Kiwanda cha Gyproc, kilichokuwa kikiagiza jasi ya machimboni kwa meli kutoka Hispania, kilikuwa jirani. Uchafuzi uliokuwa ukielekea mawinguni ukageuka dari za nyumba.

Jina la utaratibu huu, simbiosi ya viwanda, lilianza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1980, wakati ambapo viungo vingi vilikuwa vimekwisha kuwepo. Limeazimwa kutoka elimu ya viumbe, ambako simbiosi ni hali ya viumbe wawili wa aina tofauti kuishi kwa kutegemeana, kama ndege anayedonoa kupe mgongoni mwa nyati. Wakuu wa viwanda vya Kalundborg walikuwa wakiishi hivyo kwa miaka mingi kabla hawajajua kuwa wanalolifanya lina jina la kitaalamu.

Kwa nini ilifanikiwa

Wageni wengi waliozuru Kalundborg walikwenda kutafuta siri ya teknolojia. Hawakuikuta, kwa sababu bomba la mvuke ni bomba la mvuke popote lilipo. Walichokikuta ni mambo matatu ambayo ni rahisi kuyataja lakini ni magumu kuyaiga.

La kwanza ni biashara. Kila kiungo katika mnyororo ule ni mkataba kati ya pande mbili, na kila upande uliuingia kwa kuwa hesabu zake zilionyesha faida. Miradi ambayo hesabu zake hazikukubali iliachwa, hata kama ingependeza kwenye hotuba.

La pili ni sheria. Denmark ilipata mshtuko mkubwa katika msukosuko wa mafuta wa mwaka 1973, na mwaka 1979 ikapitisha sheria ya usambazaji wa joto iliyohimiza kutumia joto la vituo vya umeme kupashia nyumba. Mwaka 1987 ikaanza kutoza kodi kwa taka zinazofukiwa au kuchomwa. Serikali haikukiambia kiwanda fulani kiuze nini kwa nani. Iliifanya kazi ya kutupa iwe ghali, kisha ikawaachia wenye viwanda watafute njia nyingine. Mahali ambapo kutupa ni bure, hakuna mhasibu atakayeidhinisha fedha za kulaza bomba.

La tatu ni ujirani. Mameneja wa viwanda vile walifahamiana, kwa kuwa waliishi katika mji ule ule mdogo na kukutana katika shughuli zake. Watu wa Kalundborg wenyewe wamekuwa wakieleza kwamba mbali na ufupi wa umbali wa ardhi, jambo lililowasaidia ni ufupi wa umbali wa fikra. Kumwambia jirani kwamba unatupa kitu fulani, kwa kiasi fulani, chenye kemikali fulani, ni kumfunulia siri ya nyumba yako. Meneja asiyemwamini mwenzake hamwelezi, na asipoeleza hakuna atakayejua kwamba kitu hicho kinahitajika ng'ambo ya barabara.

Inasaidia pia kwamba viwanda vile havikuwa washindani. Mtengenezaji wa bodi za jasi hagombei wateja na mtengenezaji wa insulini.

Mnyororo hubadilika

Ingekuwa kosa kudhani kwamba Kalundborg ya leo ni ile ya mwaka 1993. Mtandao huo una zaidi ya washirika kumi na njia zaidi ya 20 za kupokezana maji, nishati na malighafi, lakini viungo vyake kadhaa vya zamani vimekatika na vipya vikaungwa.

Mabadiliko makubwa yalikuja pale kampuni ya Ørsted, inayomiliki kituo cha Asnæs, ilipoamua kuachana na makaa ya mawe. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2019 mtambo mpya unaotumia vipande vya mbao ulichukua kazi ya kutoa joto na mvuke. Mbao zina salfa kidogo mno. Bila salfa hakuna haja ya kuosha moshi kwa chokaa, na bila kuosha moshi hakuna jasi. Kiungo kilichousifisha mji huo duniani kote kikafifia kwa sababu hewa imekuwa safi zaidi. Watengenezaji wa bodi walikuwa na njia nyingine: kusaga bodi kuukuu zinazotoka katika majengo yanayobomolewa au kukarabatiwa na kuzirudisha kiwandani.

Mwaka 2018 ulianza kazi mtambo wa gesi itokanayo na mabaki ya uchachushaji ya Novo Nordisk na ya Novozymes, kampuni ya vimeng'enya iliyotengana nayo mwaka 2000. Gesi hiyo husafishwa na kuingizwa katika mtandao wa gesi asilia, na kinachobaki huendelea kurudi mashambani. Kiwanda cha mafuta nacho kimebadilisha wamiliki zaidi ya mara moja, na mwaka 2021 kilinunuliwa na kundi la Klesch.

Wapo wakosoaji wanaosema kwamba mtandao wa aina hii unaweza kurefusha maisha ya viwanda vichafu. Mji mzima ukitegemea joto la makaa ya mawe, nani atathubutu kulizima tanuri? Hoja hiyo ina uzito. Kuondoka kwa makaa ya mawe Asnæs kumeonyesha kuwa tanuri linaweza kubadilishwa huku mabomba ya mvuke yakibaki, ingawa wapo wanaohoji pia uchomaji wa mbao. Jambo lililo wazi ni kwamba kila anayeingia katika ushirikiano kama huu anapaswa kujiuliza tangu siku ya kwanza atafanya nini siku mwenzake akibadilika au akiondoka.

Walioiga na kukwama

Sifa za Kalundborg zilipoenea, nchi nyingi zilitaka kuwa na yake. Marekani, katikati ya miaka ya 1990, chini ya utawala wa Rais Bill Clinton, ilihimiza ujenzi wa maeneo ya viwanda yaliyopangwa tangu mwanzo ili viwanda vyake vibadilishane mabaki. Michoro ilikuwa mizuri, lakini mingi kati ya miradi hiyo haikufika mbali. Wapangaji walianza na ramani na kuwatafuta wawekezaji baadaye, na mwekezaji huchagua mahali kwa kuangalia soko, barabara, umeme na wafanyakazi, kabla ya kufikiria majivu ya jirani asiyemjua.

Uingereza ilichukua njia nyingine. Mwaka 2005 ilianzisha mpango wa taifa wa simbiosi ya viwanda, ambao kwa miaka kadhaa uligharimiwa na fedha zilizotokana na kodi ya kufukia taka. Mpango huo haukujenga kiwanda hata kimoja. Maofisa wake waliwakutanisha wenye makampuni ambayo tayari yapo, kila mmoja akaandika alicho nacho cha kutoa na anachokihitaji, na kazi ya ofisa ikawa kuwaunganisha wanaofaana na kuwafuatilia hadi mkataba usainiwe. Ni kazi ya dalali kwa maana nzuri ya neno hilo, na nchi nyingine kadhaa zimeiga utaratibu huo.

Desturi yetu ya zamani

Katika Afrika Mashariki jambo hili si geni kama jina lake. Anayekamua alizeti au mbegu za pamba huuza mashudu kwa wafugaji. Viwanda vya bia huuza machicha kwa wenye ng'ombe wa maziwa. Viwanda vya sukari huuza molasi kwa wafugaji na kwa watengenezaji wa spiriti. Mafundi wa jua kali wa Kamukunji, Nairobi, hugeuza mapipa matupu kuwa majiko, masanduku na karai. Katika pwani, makumbi ya nazi yamesokotwa kamba tangu enzi za majahazi. Wahenga walionya, usitupe mbachao kwa msala upitao.

Kilichokosekana kwa sehemu kubwa ni kuvuka kutoka desturi hiyo kwenda katika mikataba mikubwa ya viwanda, ingawa mifano ipo. Nchini Kenya, kando ya ziwa Naivasha, shamba la maua la Oserian lilianza mapema miaka ya 2000 kutumia joto la kisima cha mvuke wa ardhini ilichokikodi kutoka kampuni ya umeme ya KenGen huko Olkaria. Joto hilo hukausha unyevu wa usiku ndani ya vitalu vya waridi na kupunguza magonjwa ya ukungu, na hewa ukaa ya kisima hicho hicho huelekezwa kwenye mimea ili ikue vizuri.

Nchini Uganda, kiwanda cha sukari cha Kakira, karibu na Jinja, huchoma makapi ya miwa kuzalisha umeme, hutumia sehemu yake na kuuza inayobaki katika gridi ya taifa. Huko Tanzania, nyuzi za mkonge ni chini ya asilimia 5 ya uzito wa jani, na zaidi ya asilimia 95 ilikuwa ikitupwa. Katika shamba la Hale mkoani Tanga, kampuni ya Katani, ikisaidiwa na shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, UNIDO, ilijenga mtambo wa majaribio wa kugeuza mabaki hayo kuwa gesi na umeme.

Funzo la Mumias

Mfano wa kuhuzunisha uko magharibi mwa Kenya. Mwaka 2009 kiwanda cha sukari cha Mumias kilianza kuuza umeme wa makapi ya miwa, kiasi cha megawati 26, katika gridi ya taifa. Mitambo ilikuwepo, mkataba ulikuwepo na mnunuzi alikuwepo. Lakini kampuni ilizama katika madeni, wakulima wakakaa muda mrefu bila kulipwa, wengi wakaacha kupeleka miwa, na mwaka 2019 ikawekwa chini ya meneja mrasimu. Bila miwa hakuna makapi, na bila makapi hakuna umeme.

Mnyororo ule ulikatikia kwa mkulima, mbali na mitambo. Katika makaratasi ya mradi wa nishati mkulima huonekana kama chanzo cha malighafi tu, lakini kwa hakika yeye ndiye mshirika wa kwanza. Asipolipwa, kila bomba lililo mbele yake hukauka.

Taka zinapogeuka sumu

Liko jambo jingine ambalo wahubiri wa uchumi wa mzunguko hupenda kulipita haraka. Kutumia taka upya si wema kwa chenyewe.

Katika kitongoji cha Owino Uhuru, Mombasa, kilijengwa kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata risasi, yaani ile metali nzito iliyomo ndani yake. Kwa maelezo ya vitabuni huo ni urejelezaji halisi: betri haitupwi, madini hayachimbwi upya, ajira inapatikana. Lakini kati ya mwaka 2007 na 2014, kiwanda hicho kilipofungwa, moshi na maji yake yenye risasi vilikuwa vimeingia katika nyumba, udongo na damu za wakazi. Risasi hudumaza akili za watoto, na athari hiyo haina tiba ya kuiondoa.

Phyllis Omido, aliyewahi kuajiriwa katika kiwanda hicho, aliongoza wakazi kudai haki, na mwaka 2015 akatunukiwa tuzo ya mazingira ya Goldman. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira na ardhi ya Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Mwaka 2023 mahakama ya rufaa ikaitengua, na Desemba 2024 mahakama ya juu ikairejesha. Miaka kumi ilikuwa imepita tangu tanuri lile lizimwe.

Tofauti ya Owino Uhuru na Kalundborg haikuwa katika wazo la kutumia taka upya. Ilikuwa katika usimamizi: nani anapima moshi, nani ana mamlaka ya kufunga kiwanda, na je, mwananchi wa kawaida akilalamika anasikilizwa au anatishwa? Mkataba wa viwanda viwili una pande mbili zilizotia saini. Aliye nje ya ukuta hakutia saini, na asipolindwa na sheria faida ya wale wawili italipwa kwa afya yake.

Maswali ya kuuliza

Kenya ilipitisha sheria ya usimamizi endelevu wa taka mwaka 2022, ambayo inawabebesha wazalishaji wajibu juu ya bidhaa zao hata baada ya kutumika. Rwanda ilikuwa imepiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, ikafuatiwa na Kenya mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019. Hatua hizo zinafanana na kodi ya Denmark ya mwaka 1987 katika jambo moja: zinaanza kuifanya kazi ya kutupa iwe na gharama, mradi tu zitekelezwe kwa wakubwa kama zinavyotekelezwa kwa mama anayeuza mboga sokoni.

Kwa mwenye kiwanda, kwa ofisa wa manispaa, na hata kwa wale walio ughaibuni wanaotuma akiba nyumbani kuanzisha kinu cha alizeti au cha kukoboa mpunga, mfano wa Kalundborg unaacha maswali machache ya kujibiwa kabla ya kuanza.

Kwanza, ni kitu gani hasa kinachotoka, na ni kiasi gani kwa siku? Anayepima kinachoingia ghalani bila kupima kinachomwagwa nyuma ya jengo hana cha kumuuzia jirani.

Pili, jirani yuko umbali gani? Majivu na jasi vinaweza kusafiri kwa meli, lakini mvuke hupoa njiani na hauvumilii safari ndefu. Ndiyo maana viwanda vyenye joto la kutupa na vile vinavyohitaji joto vinafaa kupangwa pamoja tangu viwanja vinapogawiwa, si baada ya kuta kusimama.

Tatu, je, kinachotolewa kitakuwa kile kile kesho? Mnunuzi wa mabaki anataka kiasi na ubora usioyumba, sawasawa na mnunuzi wa bidhaa mpya.

Nne, mmoja akifilisika au akibadili mitambo, mwingine ataishije? Gyproc walikuwa na jibu. Mumias haikuwa nalo.

Na mwisho, nani anamlinda yule asiyekuwemo katika mkataba?

Maswali haya hayahitaji mtaalamu kutoka nje wala mkopo wa benki. Yanahitaji wenye viwanda wa eneo moja kukutanishwa, kila mmoja akiwa na orodha ya kweli ya anachokitupa, mbele ya ofisi ya serikali inayoaminika kwamba haitaigeuza orodha hiyo kuwa njia ya kuomba rushwa. Sharti hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote. Kalundborg ilianza na bomba moja la maji mwaka 1961, na ilichukua zaidi ya miaka 10 kufika kiungo cha pili.